Asiyeleta Hafuti

Bwenini, 8 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Bibi naye nampigia magoti kutoka huku huku. Mimi ni mzima, isipokuwa kidole kilichobanwa na kifuniko cha sanduku, nacho kinapona. Natumaini mguu wa Bibi umepungua uvimbe na kwamba anaunyanyua juu ya kiti kama muuguzi alivyomwagiza, ingawa najua haunyanyui.

Nimehamishiwa kitanda cha dirishani. Jirani yangu ni msichana mpole tunayemwita Kimya. Anatoka mji wetu, mtaa wa nyuma ya soko, na mama yake anauza nyanya. Hatujazungumza hata maneno kumi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwalimu wa uraia ametupa kazi ya muhula. Kila mmoja awaulize watu thelathini: katika watu wa kazi hizi, yupi unamwamini na yupi humwamini? Ubaoni aliandika muuguzi, fundi, dereva, na chini kabisa akaandika mchuuzi na mwanasiasa, akawazungushia mstari mmoja. Akasema, "Hawa wawili ni mapacha. Wote wanauza maneno." Darasa lote likacheka.

Mjomba, nilinyoosha mkono. Nilisema mjomba wangu ni mchuuzi wa vyombo na hana pacha. Nikaeleza habari ya ndoana: kwamba ukimwahidi mtu kizibo cha chupa ya chai au mpini wa kikaango, unachora kwa chaki alama kama ndoana juu ya mwimo wa mlango wake, pale mvua isipofika, na haifutwi na mtu mpaka ulete ulichoahidi, ndipo uifute mwenyewe kwa mkono wa shati. Nikasema hata watoto watundu hawaigusi. Mwalimu akaniuliza, "Na asipoleta?" Nikamjibu, "Analeta, Mwalimu." Wenzangu wakanipigia makofi.

Naomba uniandikie kwa nini watu wanakuamini, niyaweke maneno yako katika kazi yangu. Andika polepole ili nisome mwandiko.

Mpwa wako


Nyumbani, 2 Aprili

Kwako Bi Maswali,

Marahaba, mwanangu. Mguu wa Bibi yako unaendelea, yaani unaendelea kumsumbua, naye anaendelea kutusumbua. Paa la jikoni limezibwa. Paka amezaa ndani ya beseni la biashara na sasa siwezi kuliuza.

Samahani kwa kuchelewa. Mwezi uliopita nilikuwa na pilikapilika nyingi, milango mingi. Nimepata baiskeli mpya, nyekundu, ina kengele ya kuamsha wafu na kapu la chuma mbele. Ile kuukuu nimempa fundi aitoe vipuri.

Swali lako. Watu hawaniamini, mwanangu, wananijua. Chupa ikivuja leo, kesho nitapita mlango ule ule, na mama mwenye nyumba atakuwa amenisubiri na chupa mkononi kama rungu. Mwanasiasa akivuja utampata wapi? Mchuuzi hana ofisi ya kujifichia. Ndiyo maana nikiaga nasema "Narudi!" na ndilo jina walilonipa. Andika hivyo.

Bibi yako yuko hapa ubavuni. Anataka niandike maneno yake kama yalivyo, nisitie chumvi: "Mjukuu wangu, soma. Halafu mwulize mjomba wako baiskeli imetoka wapi, maana mimi nikimwuliza anapiga kengele." Nimeandika. Ameridhika.

Narudi,
Mjomba


Bwenini, 27 Aprili

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na pole na kazi. Kidole kimepona. Naomba mumwachie paka beseni lake.

Nimemaliza watu wangu thelathini. Wanaomwamini muuguzi ni ishirini na wanane. Mchuuzi kumi na mmoja. Mwanasiasa wanne. Nilitamani uwe na wengi zaidi, lakini mwalimu anasema tusipake rangi majibu.

Mpishi mkuu aliniambia, "Mchuuzi ananidanganya akiwa mbele yangu, kwa hiyo napata nafasi ya kubishana naye. Mwanasiasa ananidanganya kwa kipaza sauti. Nitabishana na spika?" Mlinzi wa geti alisema yeye hamwamini mtu yeyote, hata mimi, akanidai kibali cha kusimama pale.

Kati ya wale wanne wanaomwamini mwanasiasa yumo mama yake Kimya, aliyekuja siku ya wazazi. Nilimwuliza sababu. Akasema diwani mpya aliletwa mlangoni kwake na mtu anayemjua tangu zamani. Kisha akaniangalia kwa muda, akaniuliza, "Wewe si wa kwa Bwana Narudi?" Nikasema ndiyo, kwa furaha. Akamgeukia Kimya.

Mwezi wa sita tutakuwa na mdahalo, nami nimechaguliwa kusema kwa upande wa wachuuzi. Nitasimulia habari zako.

Na Bibi ameniagiza: baiskeli imetoka wapi?

Mpwa wako


Nyumbani, 9 Juni

Kwako mpwa,

Marahaba. Sisi wazima. Mvua imekatika.

Siku hizi nauzia ng'ambo ya reli. Huko hawanijui, kwa hiyo inanibidi niseme sana. Sokoni sipiti, kuna matope.

Kuhusu mdahalo, nakushauri uzungumzie wauguzi. Habari za wachuuzi zinachosha watu.

Kuhusu baiskeli, ni baiskeli. Ina magurudumu mawili.

Bibi hana maneno leo.

Mjomba


Bwenini, 24 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mnaendeleaje? Naona uliandika wakati una haraka. Mvua imekatika huku pia, ndiyo maana nimeshangaa kuhusu matope.

Jana kulikuwa na mdahalo. Mada ilikuwa "Mchuuzi anastahili kuaminiwa kuliko mwanasiasa." Nilivaa sare niliyoipiga pasi mara mbili. Nilisema mwanasiasa huja mara moja kwa miaka mingi lakini mchuuzi hurudi mlango ule ule, na kwa hiyo uongo wake una anwani. Walipiga meza. Nikaeleza ndoana tena, maana wa madarasa mengine walikuwa hawajaisikia.

Kisha Kimya akasimama. Mjomba, hakuna aliyewahi kuisikia sauti yake mbele za watu. Alisema hivi, nimeyashika yote:

"Mlangoni kwetu kuna ndoana. Iko kwetu, iko kwa jirani, iko mtaa wetu wote. Bwana Narudi aliichora kabla ya kura. Alikuja na yule bwana aliyekuwa akigombea, akasema, mchagueni huyu, choo cha soko kitakuwa kimejengwa kabla ya mwezi wa tano kwisha, na ndoana hii ni yangu. Mwezi wa tano umekwisha. Mama akibanwa bado anafunika meza yake kwa gunia, anakwenda mpaka nyumbani, na akirudi anakuta nyanya zimepungua."

Kila mtu alinitazama. Nikahisi masikio yananiwaka moto, nami nikasema kwa sauti kubwa, "Mwongo! Labda mama yako aliichora mwenyewe, apate cha kulalamikia."

Wasichana walicheka. Walicheka sana, kwa sababu ni Kimya na hawakuzoea kumsikia. Mwalimu akagonga meza. Kimya akaketi, akaanza kuifunga na kuifungua kalamu yake.

Tulishinda mdahalo.

Naomba uniandikie kwamba ni uongo, nimsomee barua yako.

Mpwa wako


Bwenini, 5 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Bibi hajambo?

Likizo hii tumebakishwa shuleni kwa masomo ya ziada, kwa hiyo siwezi kuja kuuliza kwa mdomo. Barua yangu ya Juni haijajibiwa. Huenda ilipotea njiani. Narudia kwa ufupi: ni kweli au si kweli? Ukisema si kweli, nitaamini.

Kimya amegeuza mto wake upande wa pili wa kitanda. Sasa nikiamka naona miguu yake tu.

Mpwa wako


Nyumbani, 21 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Bibi hajambo kwa mguu, ila hasemi nami tangu Jumapili.

Barua yako haikupotea. Imo mfukoni mwa koti langu pamoja na kipande cha chaki, na imekuwa nyeupe.

Ni kweli.

Huyo diwani alikuja nyumbani mwezi wa pili, kabla ya kura. Tulimpa kiti akakikataa, akakaa kwenye kigoda cha Bibi yako, akanywa chai katika kile kikombe kisicho na mkono. Akaniambia, "Mzee, mimi watu hawaniamini, na siwalaumu. Lakini wewe ukisema narudi, mtu anabandika maji jikoni. Tembea nami tu." Alinivisha kilemba cha ukoka, mwanangu, nami badala ya kukivua nikatafuta kioo nijitazame.

Tulipita milango mia moja arobaini na miwili. Yeye alizungumza, mimi nikachora. Miaka yote nimechora kwa ajili ya kizibo au mpini, kitu ninachojua kiko rafu gani kwa mwenye duka. Safari hii nilichora kwa ahadi iliyokuwa kwenye kapu la mtu mwingine, na sikumwomba hata anifunulie kapu nione. Alipopata kiti akaniletea baiskeli. Sasa unajua.

Mwezi wa tano nilikwenda ofisini kwake mara tatu. Mara zote nikaambiwa Mheshimiwa yuko kwenye kikao. Mara ya nne nilimkuta anaingia kwenye gari. Nikamwita. Akanichangamkia, "Aa, mzee wangu! Siku nyingi!" Nikasema, Mheshimiwa, choo. Akaanza kupandisha kioo, akanipungia mkono huku anacheka, akasema, "Narudi!"

Neno langu hilo. Tangu siku ile sijaweza kulisema.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Waliosema hivyo hawakuwahi kukwepa soko. Yangu imekuwa ndefu, nazunguka reli, nazunguka makaburi, nafika nyumbani miguu imevimba kuliko wa Bibi yako. Siwezi kuzifuta zile alama kwa sababu sijaleta. Siwezi kuzisahau kwa sababu zipo.

Rafiki yako hakusema uongo. Uongo ulioutamka wewe ni wangu, nilikutia mimi mdomoni.

Bibi amekubali kusema, ila kupitia kalamu: "Uso umeumbwa na haya. Mjukuu wangu, mwombe radhi mtoto wa watu. Usimsubiri mjomba wako, huyu atachelewa."

Mjomba


Bwenini, 8 Septemba

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Namshukuru Bibi kwa maneno yake.

Niliisoma barua yako chooni, mahali pekee penye komeo. Nilipotoka nilijiona kama ninayetembea na kitu kimebandikwa mgongoni, na kila mtu anakisoma.

Sikukukasirikia kwa muda mrefu. Nilijikasirikia mimi. Wewe ulidanganywa kwanza ndipo ukadanganya. Mimi hakuna aliyenidanganya siku ile. Kimya alisema kitu cha kweli, moyo wangu ukajua kuwa ni kweli, kwa sababu ya matope, na kwa sababu ya baiskeli yenye magurudumu mawili. Nikaona ni bora mama yake awe mwongo kuliko wewe.

Nilimfuata kwenye kamba za kuanikia nguo, hapakuwa na mtu mwingine. Nikamwomba radhi. Akaendelea kukamua soksi. Kisha akasema, "Ulinitukana ukumbini. Mbona radhi umeileta kwenye kamba za nguo?"

Nikamwambia nitasema ukumbini pia.

"Lini?"

"Nitasema."

Jioni ile nilimkuta ameketi kwenye kitanda changu. Ametoa chaki, amechora ndoana juu ya kifuniko cha sanduku langu. Amejua kuichora sawasawa, na kile kimkia chake. Akasema, "Unajua sheria."

Mjomba, sanduku hilo nalifungua kwa sabuni, kwa daftari, kwa kila kitu. Siku tisa niliiona. Nilijaribu kutoa vitu vyote asubuhi kwa mkupuo mmoja ili nisilifungue tena mchana. Ndipo nikaelewa kwa nini unapita makaburini.

Ijumaa nilisimama. Nilikuwa nimeandika hotuba nzuri, nikaisahau. Nilisema tu, "Kimya alisema kweli. Mama yake ni mkweli. Mwongo nilikuwa mimi, na mjomba wangu hakuleta." Wengine waliguna. Mmoja akasema, "Mapacha hao!" na watu wakacheka, safari hii wakinicheka mimi. Mwalimu akasema, "Kaa, binti. Asante."

Nilifuta ile alama mbele ya Kimya, kwa mkono wa sweta. Inafutika vizuri. Ila sweta lina weupe mpaka leo, nimelifua mara mbili.

Sijui kama mpwa anaruhusiwa kumwambia mjomba wake la kufanya. Kwa hiyo sikuambii. Nakuarifu tu kwamba mimi nilikuwa na sanduku moja, na siku tisa zilinitosha.

Mpwa wako anayekupenda


Nyumbani, 15 Oktoba

Kwako Bi Maswali,

Marahaba. Bibi anasema nami, tena kupita kiasi. Watoto wa paka wametoka kwenye beseni lakini sasa hakuna anayelitaka.

Kwanza nilirudisha baiskeli. Mlinzi wa ofisi akakataa kuipokea, eti hakuna fomu ya kupokea baiskeli. Nikaiegemeza getini. Nilipogeuka nilimsikia anaijaribu kengele.

Kisha nikaanza milango, kwa miguu, vyombo begani. Sikuwa na cha kuleta. Nilibisha na kusema, "Nilichora, sikuleta, na sikuwa na haki ya kuchora." Basi. Wengine walifunga mlango. Mzee mmoja alicheka mpaka akakohoa, akaniambia, "Kumbe ulitegemea kitajengwa?" Huyo alinichoma kuliko waliofunga. Nimefika mlango wa sitini na tatu.

Sasa mama wa rafiki yako. Nilimkuta sokoni, mezani pake. Kabla sijafungua kinywa akasema, "Usithubutu kuifuta."

"Sikuja kufuta, dada."

"Umekuja kufanya nini?"

"Kusimama mbele yako."

Akanitazama kutoka kichwani mpaka viatuni. "Basi kama ni kusimama, simama hapa uangalie nyanya. Mimi nimebanwa tangu asubuhi."

Akaenda. Mwanangu, nilisimama pale na kila mtu anaona. Aliporudi alizihesabu, zikatimia. Muuza vitunguu wa meza ya pili akasema, "Na mimi!" Halafu wa viazi. Siku ile nililinda meza saba. Sasa kila siku kuanzia saa nne mpaka saa sita niko pale, nahama meza hadi meza, na wanawake wanakwenda kwao bila kukimbia. Jina langu limekufa. Wananiita Bwana Choo. Wanaita kwa sauti, soko zima, "Bwana Chooo! Njoo huku!" nami naitika.

Si choo. Najua si choo. Usije ukaandika kwenye kazi yako kwamba nimeleta.

Juzi muuza nyanya aliniambia, "Nipe hiyo chaki yako." Nikampa. Nikabaki na meza zao, wao wakaenda wanawake tisa mpaka ofisini kwa Mheshimiwa, na ndoana ikachorwa kwenye mwimo wa mlango wake. Mfagizi anaifuta kila asubuhi. Wao wanakwenda tena saa nne, maana saa nne mimi nipo.

Mlangoni kwa muuza nyanya ile ndoana yangu bado ipo. Nikipita nainamisha kichwa.

Mjomba


Bwenini, 2 Novemba

Mpendwa Bwana Choo,

Shikamoo. Bibi naye shikamoo. Tunafunga shule tarehe ishirini na nane, nami nitasafiri pamoja na Kimya. Amegeuza mto wake, sasa nikiamka naona uso, ingawa uso wenyewe asubuhi hauna raha.

Nilimsomea barua yako yote, hata pale pa baiskeli, akacheka kimya kimya kama anavyocheka. Mama yake alikuwa amemwandikia pia. Anakuagiza hivi: ile ndoana haifutwi mpaka choo kisimame, hilo usilifikirie. Ila ukipita usiiname. Mlango wao ni mrefu, hutagonga kichwa.

Mwalimu ametaka kazi zetu za mwisho. Sijabadili hesabu, wewe ni kumi na mmoja, mwanasiasa ni wanne. Lakini niliona si haki kumwacha Kimya bila kumwuliza, kwa hiyo nilimfanya wa thelathini na moja. Nilimwuliza, "Mchuuzi, unamwamini au humwamini?"

Akasema, "Niandikie bado."

Nikamwonyesha kwamba jedwali lina safu mbili tu, ndiyo na hapana. Akaniambia hilo ni tatizo langu.

Nimechukua rula, nimechora safu ya tatu.

Mpwa wako